Mathenge wa Baringo: ukikata shina tu, umepogoa

Ndugu mkulima, ikiwa una mathenge shambani, huenda umeshaukata mara mbili tatu, na kila mara ukarudi na matawi mengi zaidi. Historia yake hapa Kenya itakuonyesha sababu.

Asili ya mti huu ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka 1973 mbegu kutoka Brazil na Hawaii zilipandwa Mombasa ili kufunika machimbo yaliyobaki wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kwa mradi wa kuni uliosaidiwa na FAO. Nia ilikuwa njema: ardhi ilikuwa tupu na kuni zilikuwa mbali. Mti ukashika kweli, maana mizizi yake hufuata maji chini sana na mbuzi hawayapendi majani yake.

Tatizo lilikuwa maganda. Ni matamu, mifugo huyakimbilia, na mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima na kuanguka pamoja na samadi, tayari kuota. Maji ya mafuriko nayo yakazibeba. Huko Marigat na Ng'ambo malisho yakageuka vichaka vya miiba. Mbuzi waliozoea maganda wakaoza meno kwa ile sukari, wakashindwa kula. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus ikaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa kuwa gugu hatari.

Sasa tutumie somo hilo:

1. Chimbua, usikate tu. Machipukizi hutoka sehemu ya shina iliyo karibu na uso wa udongo. Fukua kuzunguka kisiki kwa sururu, kisha kata mzizi sentimita 30 chini. Vaa viatu vigumu. Miiba yake hupenya kandambili.

2. Wahi kabla maganda hayajakomaa. Yaliyokwisha anguka yaokote, uyasage mpaka mbegu zivunjike. Unga wake uchanganye na chakula kingine cha mifugo, usiwape peke yake.

3. Mfanyabiashara wa mbuzi, ukinunua kutoka eneo lenye mathenge, wafungie siku kadhaa kabla ya kuwachanganya na wengine. Samadi yao usiipeleke shambani. Gunia la maganda mazima nalo ni gunia la mbegu.

4. Kuni na mkaa wake ni mzuri. Uliza kwanza ofisi ya misitu kuhusu kibali.

5. Panda nyasi au mazao mara moja palipofunguka, na kila msimu wa mvua pita uking'oa miche ingali laini. Mbegu hukaa udongoni miaka mingi.

Kama shamba ni kubwa, anza pembezoni penye miti michache, kisha ingia kwenye kichaka kizito. Mche mmoja leo unang'oka kwa mkono. Ukiuacha, kesho utahitaji shoka, sururu na vibarua.