Lugha ya Eneo la Shule: Historia ya Madarasa ya Mwanzo Mjini Ongata Rongai

Mtoto aingiapo darasa la kwanza hufunzwa mambo makuu matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, lipo jambo la nne lisiloandikwa katika ratiba, nalo ni lugha ambayo kwayo hayo matatu yatamfikia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyoamuliwa nchini Kenya tangu zama za ukoloni, na jinsi uamuzi huo ulivyokutana na mtihani mgumu katika Ongata Rongai, mji wa Kajiado upakanao na Nairobi kwenye Mto Mbagathi.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza kwamba watoto wa Kiafrika waanze masomo kwa lugha za makwao. Pendekezo hilo lilisimama juu ya dhana moja: kwamba kila kabila lina nchi yake na kila nchi ina lugha yake. Dhana hiyo haikuwa ya kielimu tu, bali ilikubaliana na utaratibu wa utawala. Kwa mapatano ya 1904 na 1911, Wamaasai walikuwa wamekwisha kuondolewa katika malisho yao ya kaskazini na kukusanywa katika hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado ilikuwamo. Hivyo basi, mipaka ya hifadhi ndiyo iliyochukuliwa kuwa mipaka ya lugha.

Kuanzia 1957 upepo ulibadilika. Kituo maalumu kilichoanzishwa Nairobi kilianza kutayarisha mafunzo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Kiswahili kikapendekezwa kiwe somo la lazima, na lugha za mama zikaachiwa kipindi cha kusimulia hadithi. Kamati ya Gachathi ya 1976 iligeuza mambo tena. Ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha itawalayo katika eneo la shule, na Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la nne.

Ni katika maneno hayo, “eneo la shule”, ambapo Rongai inapata umuhimu wake. Jina la mji ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Lakini machimbo ya mawe, ambayo kumbukumbu yake imebaki katika jina la mtaa wa Kware, yaliwavuta vibarua kutoka pande nyingi. Waliwafuata wafanyabiashara, na baadaye wafanyakazi wa Nairobi waliotafuta nyumba za kodi nafuu au kiwanja cha kujenga. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi wapatao 40,000. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 170,000. Watoto waliokaa kwenye dawati moja walikuwa na wazazi waliosema Kikuyu, Kikamba, Kijaluo, Kiluhya, Kikisii au Kimaasai. Je, lugha ya eneo hilo ni ipi: ile ya ardhi, au ile ya wakazi?

Kwa upande wa kazi ya darasani, Kiswahili kina hoja yenye nguvu. Irabu zake ni tano na herufi za irabu ni tano. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto aliyekwisha kujua ba, be, bi, bo, bu ana ufunguo wa maneno mengi ambayo hajapata kuyaona yameandikwa. Kiingereza hakimpi ufunguo wa namna hiyo, kwani herufi moja hubeba sauti nyingi. Zaidi ya hayo, Kiswahili ndicho ambacho watoto wa Rongai huchezea barabarani, ingawa si daima katika sura yake sanifu.

Lakini hoja hiyo haimalizi shauri. Mtoto wa Kimaasai haji shuleni mikono mitupu. Katika lugha yake, “moja” ni obo kwa jina la kiume na nabo kwa jina la kike. Kwa hiyo hawezi kuhesabu pasipo kuainisha majina. Hesabu yenyewe huambatana na ishara za vidole, ambazo Hollis alizieleza katika kitabu chake cha 1905. Sarufi ya Tucker na Tompo ole Mpaayei, iliyotoka 1955, ilionyesha irabu tisa pamoja na toni zenye kazi ya kisarufi. Hiyo ni elimu ambayo mtoto ameipata kabla ya mwalimu. Anapoambiwa katika ardhi ya babu zake kwamba lugha ya eneo si yake, hupoteza zaidi ya msamiati. Ardhi iligawanywa na kuuzwa viwanja kwa viwanja. Lugha nayo hufuata njia ileile, ila haina hatimiliki ya kuonyesha ilikuwa ya nani.

Wapenzi wa Kiswahili wamezoea kukiona kama mnyonge mbele ya Kiingereza, na ni kweli kwamba hadi 1985, mtihani mpya wa darasa la nane ulipoanza, hakikutahiniwa kwa lazima mwishoni mwa shule ya msingi. Rongai inafunza kwamba mnyonge huyo aweza pia kuwa mwenye nguvu mbele ya jirani yake.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaja lugha ya taifa kuwa Kiswahili, na papo hapo inaiagiza serikali ikuze lugha za kiasili. Mtaala ulioenea nchini mwaka 2019 nao umezipa lugha hizo nafasi katika madarasa ya mwanzo. Maagizo hayo mawili hayapingani iwapo kazi zitagawanywa. Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia kusoma katika mji kama Rongai, kwa kuwa ndicho kinachowakutanisha watoto wote. Kimaasai kiwe somo kwa wote, wenyeji na wageni pamoja, kwa kuwa ndicho kilichoupa mji jina. Mtoto wa mhamiaji ajuaye maana ya Ongata Rongai amejifunza jambo la kwanza la historia: kwamba mahali anapoishi palikuwa na watu kabla yake.