Mnara wa Chuma wa Katuruka

Wazee wa Katuruka, kijiji cha Wahaya karibu na Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, wana hadithi ya mfalme aliyetaka kujua mbinguni kukoje. Mfalme huyo ni Rugomora Mahe, mukama wa Kyamtwara. Aliwakusanya wafua chuma akawaamuru wamjengee mnara wa chuma utakaofika huko juu. Mnara ukapanda, ukapanda, mwisho ukaporomoka na kuua watu, na vipande vyake vikatawanyika huku na huko. Mahali chuma hicho kilipofuliwa panaitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma, na hapo palikuwa na mti mkubwa ambao vizazi vingi viliuheshimu na kuutambikia.

Msikilizaji wa mjini angeifurahia hadithi hiyo kisha aiache hapo hapo kwenye kigoda cha msimulizi. Mwaka 1969 alifika Buhaya kijana wa Kimarekani, Peter Schmidt, mwanafunzi wa akiolojia, ambaye hakuiacha. Wakati huo wanaakiolojia wengi walichagua pa kuchimba kwa kutembea na macho yakiwa chini, wakitafuta vigae na mawe yaliyochongwa. Schmidt alikaa kwanza na wazee. Aliwauliza nani alitawala baada ya nani, jumba la mfalme lilisimama wapi, mlango wake ulielekea wapi, nyumba ipi ilikuwa ya ibada na ipi ya uhunzi. Hiyo ni kazi ya mwanaanthropolojia: kuishi na watu, kujifunza lugha yao, kuuliza jambo moja kwa watu wengi na kulinganisha majibu. Wazee walimtembeza migombani wakimwonyesha kwa kidole, na alikoonyeshwa ndiko alikochimba.

Penye jumba la Rugomora udongo ulitoa dalili za uhunzi za karne ya 17 hivi, wakati uleule ambao hesabu ya wafalme inamweka mukama huyo. Hapo peke yake wazee walikwisha kushinda. Lakini jambo kubwa lilikuwa Kaiija. Chini ya eneo la ule mti mtakatifu yalitoka mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vigae vya aina inayoitwa Urewe, na mkaa uliopimwa ulitoa umri wa miaka ipatayo 2,500.

Vyungu vya Urewe vina sura yake. Jina limetokana na Urewe, katika Nyanza nchini Kenya, ambako Louis na Mary Leakey pamoja na Arkidikoni Owen walivitambulisha kwa wasomi katika miaka ya 1940. Mdomo wa chungu umekunjwa na kuchongwa kingo kwa ustadi, shingoni kuna michoro ya mistari iliyochorwa udongo ukiwa bado mbichi, na mara nyingi kitako kina kishimo kidogo kama kilichobonyezwa kwa kidole gumba. Vigae hivyo vimepatikana pia Rwanda, Burundi na Uganda. Mtu akiokota kimoja shambani kwake, ameshika kazi ya mikono ya wakulima wa kwanza wa ukanda wa Ziwa Viktoria waliojua kuyeyusha chuma.

Mkaa nao una siri yake. Mti ukiwa hai hupokea kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo, iitwayo kaboni 14, huoza polepole. Mti ukikatwa, haupokei tena. Kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu ya kaboni 14 iliyobaki inakuwa imekwisha, kwa hiyo kipande cha mkaa kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi kinaweza kutaja umri wake. Tahadhari moja ni lazima. Kinachopimwa ni wakati sehemu ile ya mti ilipoota, si siku ya kuwashwa kwa moto. Mhunzi akichoma kiini cha gogo lililoishi karne nzima, umri utatoka mkubwa kuliko ukweli. Ndiyo maana tarehe moja haitoshi, na ndiyo maana kigae na mkaa hutafutwa pamoja katika tabaka moja la udongo.

Je, Wahaya walikumbuka wahunzi wa Kaiija kwa miaka elfu mbili na mia tano? Schmidt aliamini kuwa kumbukumbu ya mahali ilipokezanwa kwa muda mrefu sana, na kwamba Rugomora, wa ukoo wa Bahinda waliokuja baadaye, alijenga jumba lake pale kwa makusudi ili heshima ya wahunzi wa kale imfunike na yeye. Upande huo wa siasa unaaminika sana: mtawala mgeni hutafuta kiti chenye wenyewe wa zamani. Lakini iko njia nyingine ya kuielewa hadithi. Huenda watu wa karne za baadaye walipolima migomba yao waliibua mavi ya chuma na vipande vya mabomba ya udongo, wakajua mara moja kuwa ni kazi ya uhunzi, wakatunga habari ya mnara kueleza vilifikaje hapo. Ikiwa ni hivyo, wakulima wa Katuruka walikuwa wameusoma udongo huo muda mrefu kabla ya mgeni kuja na mwiko na chekeche lake, na heshima yao haipungui hata kidogo.

Vikabaki vipande vya tanuri, na vipande havisemi jinsi mtu alivyofanya kazi. Kwa hiyo mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao waliwahi kuyeyusha chuma ujanani kabla majembe ya Ulaya hayajajaa madukani, waliombwa wawashe tanuri tena. Pamoja na Schmidt alikuwepo Donald Avery, mtaalamu wa madini wa Chuo Kikuu cha Brown. Miongo mingi ilikuwa imepita. Wazee walilazimika kukumbushana, kubishana na kurudia.

Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu. Wakalijaza majani ya kinamasini na kuyachoma hadi yakawa makaa meusi. Juu yake wakajenga kuta kwa mabonge ya mavi ya chuma na udongo, wakaingiza mabomba ya udongo kuzunguka pande zote, na nyuma ya mabomba wakakaa wavukutaji na mivukuto yao. Walifanya pia yanayotakiwa na mila, kwa kuwa kwao tanuri ni kama mwanamke anayetarajiwa kuzaa chuma.

Avery na Schmidt waliona jambo ambalo vitabu havikuwa vimewaambia. Mabomba hayakuishia ukutani. Yaliingia ndani ya moto, na hewa ilipata joto njiani kabla ya kuyafikia makaa. Kisha wakarudi kwenye mabaki ya tanuri za kale zilizochimbuliwa katika Ghuba ya Kemondo, hukohuko Buhaya. Vipande vya mabomba vilikuwa vimeungua na kushikwa na mavi ya chuma kwa nje, ishara kwamba navyo vilikaa ndani ya moto. Katika mabonge ya mavi ya chuma zilionekana alama za majani. Mwaka 1978 walitangaza matokeo katika jarida la Science, kwamba watu wa Buhaya walitengeneza chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, karne nyingi kabla ya mkoloni.

Habari hiyo ilizunguka dunia, na ubishi ukafuata. Wapo wataalamu wa madini waliosema hewa haiwezi kupata joto la kutosha katika safari fupi ya bomba, na kwamba joto la tanuri hizo lina maelezo mengine. Ubishi huo ni halali na unapaswa kusikilizwa. Haugusi, hata hivyo, chuma chenyewe: kilitoka tanurini mbele ya macho ya watu, kwa ujuzi wa wazee ambao wengi wao hawakuwa wamesoma.

Tangu miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia, na Watanzania wenyewe wakaishika kazi hii. Bertram Mapunda alifuatilia tanuri za Ufipa, zile ndefu ziitwazo malungu ambazo baadhi bado zimesimama porini, zikiwa ndefu kuliko watu.

Katuruka kwenyewe pigo lilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, mkoa iliko Katuruka, na katika miaka iliyofuata waliondoka wengi ambao wangerithi masimulizi kutoka kwa baba na babu zao. Schmidt aliporudi karibu mwaka 2008, wanakijiji ndio walioomba historia yao ikusanywe upya na eneo la jumba la Rugomora litunzwe. Safari hii wanawake walizungumza. Zamani wazee waliohojiwa walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, na kumbe zipo habari za Kaiija na za nyumba za mfalme zilizobaki vinywani mwa wanawake peke yao, ambao hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mwenye babu au bibi anayejua mahali palipokuwa tanuri, kisima, boma au kaburi la zamani akae naye wiki hii, aandike jina la mahali hapo kama linavyotamkwa kijijini, na aombe aonyeshwe kwa kidole.