Fedha Njema Hupimwa Wapi?

Katika miji ya kale ya pwani yetu, mwenye shamba la minazi aliweza kuliweka wakfu. Shamba halikuuzwa wala kurithiwa, na mapato yake yalitunza msikiti au kisima vizazi na vizazi. Aliyetaka kujua kama mali ile inafanya kazi iliyokusudiwa alikwenda kisimani akatazama kamba, ndoo na maji. Kamba ikiwa imeoza na maji yamejaa majani, msimamizi wa wakfu alikuwa na maswali ya kujibu, hata kama hesabu zake za nazi zimeandikwa vizuri namna gani. Nimeanza na kisima kwa sababu historia ya kile kinachoitwa leo uwekezaji endelevu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliohesabu nazi.

Walianza kwa kuitazama mikono yao wenyewe. Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Wakwekeri wa Philadelphia uliamua kwamba muumini anayenunua au kuuza watumwa asishirikishwe tena katika uendeshaji wa jumuiya. Miaka hiyohiyo John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliwahubiria watu wake Uingereza kwamba chumo lisipatikane kwa kumdhuru jirani, mwili wake wala roho yake. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1971, wakati mabomu ya napalmu yakiunguza vijiji vya Vietnam, Wamethodisti wawili wa Marekani walianzisha mfuko wa Pax World ili mtu aweke akiba bila kumiliki hisa za viwanda vya silaha. Swali la wote hawa lilikuwa moja: je, mimi nimechafuka? Ni swali la haki kabisa, ila jibu lake halimwambii mtu chochote juu ya kijiji kilichoungua.

Aliyeligeuza swali ni mchungaji Leon Sullivan wa kanisa la Zion Baptist, Philadelphia. Mwaka 1971 akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika bodi ya General Motors, kampuni iliyokuwa na kiwanda Port Elizabeth, Afrika Kusini. Mwaka 1977 alitoa kanuni sita kwa kampuni za Kimarekani zilizofanya biashara katika nchi ya makaburu. Sehemu za kulia, vyoo na mahali pa kazi visitenganishwe kwa rangi. Taratibu za ajira ziwe za haki. Kazi sawa ilipwe sawa. Wafanyakazi weusi wafundishwe, wapandishwe vyeo, na hali zao nje ya kiwanda ziboreshwe. Kampuni 12 zilitia saini mwanzoni. Baadaye zikapita 100. Kila mwaka zilijaza hojaji, na kampuni ya ushauri ya Arthur D. Little ikazipanga kwa madaraja kama wanafunzi: zinazoendelea vizuri, zinazoendelea, na zinazotakiwa kuongeza juhudi. Kwangu mimi hojaji hiyo ndiyo babu wa ripoti zote za uwekezaji endelevu tunazozisoma leo.

Hebu tuitazame hojaji ile kwa karibu. Saa sita mchana mfanyakazi mweusi na mweupe wanakula katika ukumbi mmoja. Hilo linaandikwa, linahesabiwa, linapewa daraja. Jioni yule mweusi anatoka getini na pasi mfukoni, anapanda basi kurudi kwenye kitongoji alichopangiwa na serikali, na kura hana. Kwa miaka ya mwanzo hilo halikuwa na mahali pa kujazwa. Wakati huohuo, huku kwetu Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, chama cha ANC kilikuwa kikijenga shule ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya maasi ya Soweto ya 1976. Wangeulizwa wale vijana kama nchi yao inaendelea vizuri, wangekuwa na la kusema. Lakini hojaji zilijazwa na kampuni.

Kanuni ziliongezwa makali mwaka 1984, ili kampuni zipinge sheria zenyewe za ubaguzi. Mwaka 1985 Sullivan akatoa muda wa miaka miwili: ubaguzi wa rangi ufutwe kisheria, la sivyo atabadili msimamo. Mwaka 1987 akatimiza neno lake. Alisema kanuni zake hazikutosha, akazitaka kampuni za Marekani zihame na biashara yote na Afrika Kusini ikatwe. Namheshimu sana kwa hilo. Ni nadra aliyebuni kipimo kusimama hadharani na kukiri kwamba madaraja yanapanda huku jambo lenyewe likibaki palepale.

Kwa wakati huo vyuo vikuu, makanisa na mifuko ya pensheni Marekani vilikuwa vikiuza hisa za kampuni zilizobaki Afrika Kusini. Je, kuuza huko kulifanya kazi? Mwaka 1999 Teoh, Welch na Wazzan walichapisha utafiti uliofuatilia bei za hisa, wakakuta kampeni ile haikuzitikisa kwa kiasi cha kuonekana. Ukifikiri, inaeleweka: hisa ninayoiuza leo kwa uchungu wa dhamiri, mwingine anainunua leo hiihii, na kampuni haipungukiwi hata senti. Mambo yalikuwa tofauti katikati ya mwaka 1985, benki ya Chase Manhattan ilipokataa kuongeza muda wa mikopo ya muda mfupi ya Afrika Kusini na benki nyingine zikafuata. Randi iliporomoka, soko la hisa la Johannesburg likafungwa kwa siku kadhaa mwishoni mwa Agosti, na serikali ikasimamisha ulipaji wa madeni ya nje. Aliyenyimwa mkopo anaouhitaji usiku huo anaumia. Ambaye hisa zake za zamani zimebadilisha mwenyewe haumii.

Hata hivyo siwezi kuwaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Berkeley, California, waliodai hisa hizo ziuzwe, kwamba walipoteza muda wao. Mandela alipofika Oakland mwaka 1990, miezi michache baada ya kutoka gerezani, aliwashukuru wanaharakati wa eneo lile. Kelele zao ziliwafikia wabunge, na mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo licha ya kura ya turufu ya Rais Reagan. Bei ya hisa haina masikio ya kuisikia njia hiyo.

Baada ya hapo kipimo kikawa biashara. Mwaka 2004 ripoti iliyotolewa chini ya Umoja wa Mataifa iliunganisha mazingira, jamii na utawala katika kifungu kimoja, na mwaka 2006 Kofi Annan akazindua kanuni za uwekezaji wenye kuwajibika. Kampuni za kutoa alama zikaongezeka. Tatizo ni kwamba alama nyingi kati ya hizo hupima hatari inayoweza kuikuta kampuni kutoka duniani, wala si madhara ambayo dunia inayapata kutoka kwa kampuni. Septemba 2015 Volkswagen ilitajwa kinara wa kampuni za magari katika faharasa ya uendelevu ya Dow Jones, na ndani ya mwezi huohuo ikabainika kwamba magari yake ya dizeli yaliwekewa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Watafiti Berg, Kölbel na Rigobon walipolinganisha alama za kampuni sita za tathmini, waliona uwiano wa wastani wa 0.54 tu. Wawili wakiipima kampuni ileile, mmoja anaweza kuiweka juu na mwingine chini. Hata jumla ya fedha zenyewe iliyumba: mwaka 2020 sekta ilitangaza dola trilioni 35.3, na mwaka 2022 trilioni 30.3, hasa kwa sababu Marekani ilibadili namna ya kuhesabu.

Lilipoibuka jina la uwekezaji wa matokeo, mwaka 2007, ahadi ilikuwa kwenda mpaka kisimani. Marsabit, kaskazini mwa Kenya, inaonyesha ugumu wake. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilisimikwa ikawa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa imekamilika, kwa hiyo umeme uliingia gridi mwishoni mwa Septemba 2018. Kwa miezi yote hiyo uwezo ulikuwepo kwenye karatasi, taa hazikuwepo. Hata sasa, ukitaka kujua moshi uliookolewa, sharti uulize upepo umechukua nafasi ya nini. Saa ambazo umechukua nafasi ya mtambo wa mafuta, faida ni kubwa. Usiku wa manane mahitaji yakishuka na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria ukapunguzwa ili kuupisha, umeme safi umechukua nafasi ya umeme safi. Kisha kuna ardhi. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za eneo lile kubwa zilipatikana bila kufuata sheria, baada ya wafugaji wa huko kushtaki. Hesabu ya tani za kaboni haina safu ya malisho.

Na waya ukifika nyumbani? Lee, Miguel na Wolfram waliwaunganishia umeme baadhi ya wakazi wa vijiji 150 vya Busia na Siaya, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kwa muda waliofuatilia, kipato na maisha hayakubadilika kwa kiasi kikubwa. Hili halisemi umeme hauna maana. Linasema idadi ya nyumba zilizounganishwa ni nazi nyingine tu, na mwenye nyumba asiye na fedha ya kununua jokofu au cherehani ya umeme bado anahitaji kuulizwa.

Huku kwetu, mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Fedha ni za kupanua huduma ya maji katika mji unaoutegemea mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Mradi huu naupenda kwa sababu mkopo ni mpya, mkopaji aliuhitaji, na kitu chenyewe kinapita kwenye dira. Ila dira inahesabu maji yaliyouzwa. Ningependa mtu apite sasa, mtaa kwa mtaa, aandike maji yanatoka saa ngapi, ndoo inanunuliwa bei gani siku yasipotoka, na nani anaamka alfajiri kuyafuata. Apite tena baada ya miaka mitano, na tena mwaka 2034 hatifungani itakapoiva. Apande pia hadi bonde la Zigi, amuulize mkulima aliyeacha kulima ukingoni mwa mto ili tope lisishuke bwawani, amepata nini badala ya ule ukanda wa shamba.