Mihrabu ya Matumbawe na Mguu wa Ami

Ukitoka soko la samaki la Tumbe, hukawii kuyafikia magofu ya Haruni. Wenyeji husema Haruni alikuwa mtoto wa Mkama Ndume, yule wa Pujini. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waliochimba hapa, wanauita mji huu Chwaka na kuuweka kati ya karne ya 11 na ya 16. Wakaazi wake wengi walilala nyumba za miti na udongo. Jiwe lilikuwa la misikiti na makaburi ya wakubwa.

Nilikwenda pale na ami yangu, mvuvi, akichechemea. Bodaboda ilimvunja muundi, pakabaki pengo lisilojiunga lenyewe. Wakamchota mfupa kwenye nyonga wakajazia. Mguu umepona, nyonga ndo haimpi usingizi. "Wamenivunja mara mbili," huwa ananambia.

Ami aliokota kipande kwenye kifusi akakigeuza kwenye mwanga. "Hili tumbawe," akasema, "si jiwe la kuchimba." Kweli, mafundi wa pwani walikuwa na mawe mawili. Ukuta ulijengwa kwa matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, yachimbwayo nchi kavu. Lakini mihrabu na miimo ya milango ilitaka tumbawe hai, Porites kwa jina la kitaalamu, lililotolewa baharini na kuchongwa lingali bichi na laini. Likikauka, linakaza. Hata chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe.

Sasa, msomaji, nisubiri kidogo. Mwaka 1974 Della Roy wa Pennsylvania State University, pamoja na Sari Linnehan, walichapisha katika jarida la Nature jambo lililonishangaza nilipolisoma. Walilipika tumbawe katika maji ya fosfeti, kwa joto kali na mgandamizo, likageuka kuwa madini yaleyale yanayokaza mifupa yetu, na umbo lake halikubadilika. Vitundu vya Porites, vyenye upana wa karibu 0.2 mm, vimeunganika kama vichochoro vya mji mkongwe, na mfupa wa mtu huingia humo na kuota. Mwaka 1992 Marekani iliidhinisha kipandikizi cha aina hiyo kwa wagonjwa. Nyonga ikapata wa kuipumzisha.

Sisemi mafundi wa Chwaka walikuwa madaktari. Tabia hiyo ya kuwapachika mababu kila uvumbuzi inanichosha. Wao walitaka jiwe lichongekalo, basi.

Lakini tumbawe huja na umbo lake, na pengo la mgonjwa lina umbo lake. Ndipo ikaja printa. Mwaka 1988 Robert Klebe alitumia printa ya wino, hizi za ofisini, kupanga protini ambazo seli hujishikiza. Mwaka 2003 Thomas Boland na wenzake, Clemson, wakachapa seli zilizo hai. Fundi wa mihrabu huchonga kwa kuondoa. Hawa wanaongeza, tabaka juu ya tabaka, kama mwashi na udongo wake. Juni 2022 kampuni ya 3DBio Therapeutics ikatangaza kuwa mwanamke wa miaka 20 amepandikizwa sikio lililochapwa kwa seli zake mwenyewe.

Kwa nini sikio, si ini? Sikio ni gegedu, na gegedu halina mishipa ya damu. Seli nyingi zikikaa mbali na mshipa zaidi ya kama 0.2 mm, hufa njaa. Kuchapa kipande kinene ni rahisi kuliko kukipelekea damu hadi ndani. Mfupa nao una damu tele, kwa hiyo pengo kubwa kama la ami bado linawatoa jasho hata wenye printa za mamilioni.

Nilimweleza yote hayo tumekaa juu ya ukuta wa msikiti. Alisikiliza, akaingiza ukucha kwenye kitundu cha tumbawe.

"Hiyo mashine ishafika Wete?"

"Bado, ami."

"Unguja?"

Nikanyamaza. Akalirudisha jiwe palepale alipoliokota, akashika nyonga, akainuka taratibu. Ilikuwa bamvua na maji yameanza kutoka. Alitaka kuwahi chombo chake kabla hakijakaa mchangani.