Waliovuta feri kwa wimbo

Msafiri wa leo hulivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, hata kabla hajamaliza kujibu simu. Zamani, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alikuwa na maji matatu mbele yake: Nyali, penye daraja la kuelea tangu 1931, kisha hori ya Mtwapa na ya Kilifi, ambazo zilivukwa kwa feri.

Feri ya Mtwapa, pale Shimo la Tewa (tewa ni samaki, ndugu msomaji), ilivutwa kwa mikono. Wanaume waliushika mnyororo uliotoka ng'ambo hadi ng'ambo, wakauvuta huku wakiimba na kukanyaga sakafu kwa mpigo mmoja. Wageni waliokuwa ndani ya magari waliona ni burudani. Burudani gani! Mnyororo ule ulitaka mikono yote ivute kwa pamoja, na wimbo ndio uliotoa amri.

Darasani tunafundisha kimai, nyimbo za mabaharia, ati ni za jahazi na mashua tu. Mvuta feri tumemsahau, ingawa naye aliimba juu ya maji, tena akifanya kazi. Kamusi zimehifadhi kivuko na pantoni. Msamiati wa mnyororo ule, yaani walivyoitana, walivyohimizana, walivyosimamishana, umebaki vinywani mwa wazee wa Mtwapa, Takaungu na Mnarani. Mwanafunzi anayenijia kila mara akilia hana mada ya tasnifu, basi aanzie huko, na abebe kinasa sauti.