Nyumba Zilibaki, Watu Wakaendelea

Huko Mesa Verde, Colorado, nchini Marekani, wahenga wa Wapueblo walijenga nyumba za mawe ndani ya mapango ya magenge marefu. Jengo moja la karne ya 13, Cliff Palace, lina vyumba vipatavyo 150. Walilima mahindi, maharage na maboga kwenye uwanda wa juu, wakipanda na kushuka kwa kushika vishimo vilivyochongwa mwambani. Ukame wa mwaka 1276 hadi 1299 ukawakumba. Kufikia mwaka 1300 nyumba zilikuwa tupu.

Je, walitoweka? La hasha! Walihamia kusini, na wazao wao, wakiwemo Wahopi na Wazuni, wapo hata leo.

Nasi tulazimikapo kuhama, tusizililie kuta. Tuwashike mkono tunaosafiri nao. Kanisa ni watu.