Enzi Homa Bay Ilipolipa Walimu Wake

Mkesha wa mwaka 1970, Baraza la Kaunti la Nyanza Kusini, lenye makao yake Homa Bay, lililala likiwa na shule za msingi tangu ufuo wa Mbita hadi mpakani Isebania. Kulipokucha Januari 1 halikuwa na hata moja. Bunge lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1969 ya kuyavua mabaraza ya kaunti kazi tatu kwa mpigo: elimu ya msingi, afya na barabara. Kodi ya kichwa iliyokuwa ikigharamia kazi hizo ikaondoka nazo. Manispaa chache, zikiwemo Nairobi, Mombasa na Kisumu, ziliachiwa shule zao. Mabaraza ya mashambani yakabaki na ushuru wa soko.

Huo wa 1969 ndio mwaka ambao waziri Tom Mboya, mwana wa Rusinga, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi Julai 5. Katika mwaka wenye msiba wa namna hiyo, nani angekumbuka sheria ya kuhamisha hesabu za mabaraza? Lakini athari yake bado iko katika kila ua wa shule, Migori na Homa Bay.

Turudi nyuma kidogo. Wa kwanza kufungua shule huku walikuwa wamisionari. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, kisha wakaenea hadi Kamagambo. Wakatoliki wakashika Asumbi na Rapogi. Aliyetaka mwanawe asome alilazimika kuchagua dhehebu kwanza. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba bila huruma, ila kwa shule ilitoa kwa kijiko. Ndipo sheria ya 1924 ikaanzisha mabaraza ya wenyeji. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, DC, na machifu walikuwa wengi humo, lakini mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza kodi ya ziada na kuamua itumike wapi. Wazungu walidhani fedha zitakwenda kwenye barabara na mbegu. Wajumbe wakadai shule, tena shule isiyo ya kanisa lolote.

Kwa Kavirondo Kusini, kama wilaya ya Nyanza Kusini ilivyoitwa wakati huo, matunda yake yalikuwa shule ya serikali iliyofunguliwa Kisii katika miaka ya 1930, kama Kakamega na Kagumo zilivyopata zao. Mjaluo wa Kanyamkago na Mgusii wa Kitutu walichangia shule hiyo moja. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 wilaya ikagawanywa: Kisii ikawa wilaya yake, Nyanza Kusini ikahamia Homa Bay, na shule ikabaki ilipojengwa. Sijasikia mtu akidai kurudishiwa mchango wa babu yake, ingawa sababu anayo.

Kabla ya mgawanyo huo, mwaka 1934, zilikuja Bodi za Elimu za Wilaya, zilizowakalisha DC, wamisionari na wajumbe wa baraza meza moja kuamua shule ipi ifunguliwe na ipi inyimwe. Herufi D.E.B. zilizoandikwa kwenye malango ya shule nyingi za Nyanza zimetoka kwenye meza hiyo.

Mtu aliyeijua kazi hii kuliko wengi ni Paul Mboya, ambaye hakuwa na undugu wa karibu na Tom. Alikuwa mchungaji wa Kiadventista, chifu wa Karachuonyo, na mwandishi wa kitabu cha mila za Wajaluo kilichotoka mwaka 1938. Alipoacha uchifu akawa katibu wa baraza la wilaya, akibeba daftari la mapato kwa miaka mingi. Ripoti ya elimu ya Beecher ya 1949 ilikuwa imeweka miaka minne ya shule ya chini kisha mtihani wa kuchuja, na kila kijiji kilitaka mwanawe avuke chujio hilo. Madai ya madarasa na walimu yalikwenda mbio kuliko kodi.

Uhuru ulizidisha mbio hizo. Chama cha walimu, KNUT, kilikuwa kimezaliwa Desemba 1957 kikidai mwajiri mmoja, kwa kuwa mishahara ya mabaraza ilichelewa na haikulingana. Mwajiri huyo, Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), ilipoanza kazi Julai 1967, baraza lilibaki na majengo, karo na madeni. Kwa hiyo tusipambe ya kale. Nyanza Kusini haikuwa na kahawa wala pareto ya kutosha kuliendesha baraza. Ilikuwa na pamba, samaki na soko la kila wiki. Uganda nayo inatuonya: watafiti Reinikka na Svensson walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata takribani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyokusudiwa kuzifikia. Sehemu kubwa ya iliyobaki iliishia wilayani.

Hata hivyo naona Nairobi ilichukua zaidi ya fedha. Ilichukua ugomvi. Diwani aliyeacha paa livuje alikuwa jirani. Ungemkuta sokoni Ijumaa. Ukivuka Isebania kwenda Sirari, upande wa Tarime, shule ya msingi ni ya halmashauri hadi leo. Tanzania nayo ilivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, lakini ilizirudisha mwaka 1984. Wakuria wa pande zote mbili wanasalimiana kwa lugha moja na wanalalamikia ofisi tofauti.

Kenya ilipata nafasi ya kurudisha shule mashinani mwaka 2010. Katiba mpya ikazipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, shule za msingi na sekondari zikabaki Nairobi. Ingia leo katika shule yoyote ya Uriri au Ndhiwa. Mwalimu wa chekechea analipwa na kaunti. Wa darasa la nne, hatua thelathini kutoka hapo, analipwa na TSC. Wa tatu ni mwalimu wa BOM, yaani bodi ya shule, anayelipwa na wazazi wanapokuwa nacho. Darasa jipya lina maandishi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ukutani. Ruzuku ya Nairobi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kutoka 1,020 za mwaka 2003, elimu ya bure ilipoanza chini ya Kibaki.

Mifuko ya mbunge na ya kaunti nayo inagombaniwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziambia kaunti zisitoe basari bila mkataba na serikali kuu, na magavana wakawaka. Mzazi wa Nyatike anayesaka karo ya sekondari amezoea kujaza fomu mbili, moja ya kaunti na moja ya ofisi ya mbunge. Zote mbili zinadai muhuri wa chifu.